Uchoraji wa Wino wa China Hauokolewi kwa Kuchora Maghorofa

Mwaka 1985 Li Xiaoshan, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo cha sanaa mjini Nanjing, alichapisha makala akidai kwamba uchoraji wa jadi wa China umefika ukingoni. Wengi walikasirika, wengine wakashangilia, na tangu hapo mchoraji wa wino anayetaka kuitwa wa kisasa hudaiwa ushahidi kwamba sanaa yake bado ina uhai. Njia iliyozoeleka ya kutoa ushahidi huo ni kuchukua mandhari ya kale ya milima na ukungu, kisha kupachika ndani yake kitu cha leo, kama vile ghorofa, winchi ya ujenzi au treni ya mwendo kasi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia dhaifu kuliko zote, kwa sababu inabadilisha kinachochorwa bila kugusa namna ya kuchora.

Kiini cha sanaa hii kimo katika vifaa vyake. Wino wa China hutengenezwa kwa masizi ya msonobari au ya mafuta yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, ukakaushwa kuwa kipande kigumu ambacho mchoraji hukisugua kwa maji juu ya jiwe mpaka apate weusi anaoutaka. Karatasi ya xuan, inayotoka wilaya ya Jing mkoani Anhui na ambayo ufundi wake uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009, hutokana na magome ya mti wa huko pamoja na majani makavu ya mpunga, na isipotiwa shabu hunyonya wino papo hapo. Brashi ikisita, doa linatanuka. Ikipita kwa kasi, mstari unatoka mkavu wenye mianya myeupe. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kukwangua kosa lake au kulifunika kwa tabaka jingine, lakini huyu hana pa kulificha. Ndiyo maana kwa karne nyingi wajuzi wa China waliutazama mstari kabla ya kuutazama mlima, wakisoma ndani yake pumzi, subira na hata tabia ya aliyeuchora.

Mchoraji Wu Guanzhong, aliyesoma Paris mwishoni mwa miaka ya 1940 kisha akarejea nyumbani, ndiye aliyeligusa jambo hili pale lilipouma zaidi. Mwaka 1992 aliandika kwamba brashi na wino, vikitenganishwa na picha vinayoitumikia, thamani yake ni sifuri, sawa na udongo ambao haujafinyangwa. Zhang Ding, mchoraji mwenzake aliyependa kutumia wino mkavu mweusi sana, alimjibu baadaye katika miaka hiyohiyo kwamba upo mpaka ambao uchoraji wa China ukiuvuka hautakuwa tena uchoraji wa China, na kwamba brashi na wino ndio mpaka wenyewe. Wanaosimulia ugomvi huo humgeuza Wu kuwa mwanamapinduzi na Zhang kuwa mhafidhina, kisha wakachagua upande. Mimi nikizitazama picha za Wu za bustani ya Suzhou, ambamo mawe yameyeyuka na kuwa mistari inayozunguka pamoja na madoa ya rangi, naona mtu aliyeijua brashi vizuri kiasi cha kuweza kuitukana. Wengi waliolishika neno lake hawakuwa na ujuzi huo, na sifuri yao ilikuwa sifuri kweli.

Tena si kwamba mababu wenyewe walikuwa wakinakiliana kimyakimya. Shitao, mtawa na mchoraji wa karne ya 17, alikwisha kusema kwamba ndevu za watu wa kale haziwezi kuota usoni pake.

Mchoraji Liu Kuo-sung, aliyezaliwa Anhui mwaka 1932 na kukulia kisanaa Taiwan, aliichukua hoja hiyo ya kutowaiga wa kale hadi mwisho wake. Alitaka kuivua brashi mamlaka yote, akatumia karatasi yenye nyuzi nene juu yake, akaipaka wino, kisha akazing'oa nyuzi moja moja ili ibaki mishipa myeupe ambayo hakuna brashi ingeweza kuichora. Wanaanga wa Apollo 8 walipopiga picha ya dunia wakiuzunguka mwezi mwaka 1968, alianza mfululizo wa picha zenye duara linaloning'inia juu ya tao la wino. Duara hilo ndilo husifiwa kuwa usasa wake. Kwangu limechakaa, na baadhi ya picha hizo zinakaribia kuwa mabango. Ile mishipa myeupe ndiyo bado inanishangaza, kwa kuwa hapo karatasi imeacha kuwa mahali pa kuchorea na kuwa mchoraji mwenza.

Hata hivyo, kazi ninayoiona nzito kupita zote haina mlima wala mwezi. Kuanzia mwaka 1990 msanii Qiu Zhijie aliinakili mara 1,000, juu ya karatasi ileile moja, dibaji ya mashairi ambayo Wang Xizhi, bingwa wa kale wa mwandiko, aliiandika mwaka 353 na ambayo kila mwanafunzi wa kaligrafia, yaani sanaa ya mwandiko, nchini China hujifunzia mkono wake. Herufi ziliangukia juu ya herufi mpaka karatasi ikawa nyeusi tititi, naye akaendelea kuandika kwa nidhamu ileile ndani ya weusi ambao hakuna aliyeweza kuusoma. Ikumbukwe kwamba hati ya asili ya Wang ilipotea zamani, na inayoheshimiwa leo ni nakala tu. Hapo jadi haikupambwa kwa usasa wala kutupwa. Ilitiiwa kikamilifu hadi utii wenyewe ukawa swali: je, mkono unajifunza nini pale jicho lisipopata tena kitu cha kuona?

Msanii Xu Bing naye hakutumia hata tone la wino katika mfululizo alioanza mwaka 2004. Mtazamaji anaona nyuma ya kioo chenye ukungu mandhari laini ya kale, na mwaka 2011 katika Jumba la Makumbusho la Uingereza ilikuwa ile ya mchoraji Wang Shimin ya mwaka 1654. Akizunguka nyuma anakuta matawi makavu, nyuzi, magazeti na mifuko ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi. Msomaji anaweza kuniuliza kwa nini naisifu hii huku nikisitasita mbele ya kazi za msanii Yang Yongliang wa Shanghai, ambaye kwa kompyuta huunganisha maelfu ya vipande vya picha za majengo na winchi mpaka vikawa kama mlima uliochorwa enzi ya Song (karne ya 10 hadi ya 13). Zote mbili, kweli, hucheza na mbali na karibu. Lakini kwa Yang, nikishasogea na kutambua kwamba jiji limeumeza mlima, nimeupata ujumbe wote. Kwa Xu Bing najua kila kitu kilichoko nyuma, narudi mbele, na macho bado yanadanganyika, kwa sababu kila tawi limewekwa na mtu anayejua brashi ingeukandamiza wapi mstari na ingeuachia wapi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba wino lazima uwepo, wala siridhiki na upana wa maonyesho kama yale ya Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York ya mwaka 2013, yaliyokusanya chini ya jina la sanaa ya wino hadi picha za kamera na video. Upana huo uliwafungulia mlango wasanii wengi waliostahili, lakini pia uliwapitisha waliokuwa na mandhari ya milima tu, bila swali lolote kwa mstari uliowahi kuichora.