Ndege Iliyopanda Pikapu ya Kabichi

Kuna fundi wa baiskeli hapa Njoro ambaye haamini kitu chochote ambacho hajakifunga kwa mkono wake. Ndege yangu ya rimoti nilikuwa nimeichonga kwa povu gumu la kufungashia televisheni, na nilipoenda kwake kuomba spoki kuukuu, akajiteua mkandarasi mkuu.

Spoki, kusema kweli, ni mali safi kwa kazi ya kuunganisha sevo, kile kijimota kinachotii rimoti, na mkia wa ndege. Ncha moja unaikunja herufi Z, inaingia kwenye mkono wa sevo. Ile yenye nyuzi unaikaza kwenye kibanio, nacho kinashika kipembe cha plastiki juu ya elevata, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua. Sasa utamu uko kwenye matundu yaliyopangwa kwenye mkono wa sevo na kwenye kipembe. Kwenye sevo chukua la ndani, kwenye kipembe chukua la nje, elevata itasogea kwa adabu. Hivyo ndivyo nilivyofunga. Nikivuta rimoti hadi mwisho, kibao kinainuka kama sentimita moja tu. Nikamwachia fundi ndege aishike, nikaenda kununua chapati.

Jioni tukaingia shamba lililokwisha kuvunwa ngano, kando ya barabara ya Mau Narok. Fundi akairusha kwa mkono. Nikagusa rimoti kidogo. Ndege ikaangalia jua, ikaangalia ardhi, ikaangalia jua tena.

"Ona nguvu!" fundi akashangilia. "Si nilikuhamishia ile spoki? Kwenye sevo nimeweka tundu la nje, huku nyuma la ndani kabisa. Mkia ulikuwa unacheza kama umeonewa."

"Fundi!"

"Sema, injinia."

Sikuwahi kusema. Nilisukuma kidogo ili itulie, nayo ikashuka pua chini hadi barabarani, ambako pikapu ya kabichi ilikuwa ikiteremka kuelekea Nakuru. Ikazama katikati ya kamba na kabichi, mkia nje. Dereva alikuwa amefungulia muziki, hakusikia kitu. Nikivuta rimoti, elevata inatupungia kwaheri.

Tukarukia bodaboda.

"Tunafukuza mwizi?" kijana akauliza.

"Tunafukuza ndege."

Akainua macho mawinguni, na karibu atutie mtaroni. "Mbona siioni?"

"Iko kwenye kabichi, wewe endesha!"

Tuliipata imesimama stejini. Mwenye mzigo, mama mmoja aliyejifunga leso mbili, alikuwa ameinua kabichi iliyotafunwa na propela. "Na hii nani atanunua?"

Fundi, bila haya, akazoa vipande kwenye kiganja. "Mama, hii si imeshakatwa? Ni sufuria tu inangoja."

"Basi nunueni nyinyi mlioikata."

Nikalipia tatu. Fundi akabeba mbili, akasema ni za ufundi.