Siku 180 ni Chache Mno kwa Aliyenyimwa Kazi kwa Rangi Yake

Huko Marekani barua ya kunyimwa kazi haitaji rangi ya mtu. Inasema nafasi imeshajazwa, tunakutakia kila la heri. Kesho yake tangazo la kazi ileile bado liko mtandaoni. Ndugu zetu wengi, hasa Wakongo na Warundi walioingia kama wakimbizi, wanaliona, wanasonya, wanaenda kubahatisha kwingine.

Nawasihi wasiishie hapo. Tangazo hilo ni ushahidi. Lipige picha, tarehe ionekane, na ile barua itunze. Tangu kesi ya McDonnell Douglas dhidi ya Green, mwaka 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani inakubali kwamba mtu mweusi mwenye sifa akikataliwa, na mwajiri akaendelea kutafuta wengine wenye sifa kama zake, mwajiri huyo ana la kujibu.

Kinachoniuma ni muda. Chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, malalamiko lazima yafike EEOC, tume ya serikali inayosimamia usawa wa ajira, ndani ya siku 180, au 300 kwenye majimbo yenye tume zao. Mgeni anayehangaikia kodi ya nyumba na karatasi za uhamiaji, siku hizo zinakwisha hata hajasikia kwamba kuna tume. Akiwahi na kushinda, mahakama inaweza kuamuru aajiriwe na alipwe mshahara alioukosa. Ila fidia ya machungu na ya kumwadhibu mwajiri haivuki dola 300,000, tena hiyo ni kwa kampuni kubwa kabisa. Ndogo ni 50,000. Viwango hivyo ni vya 1991!

Njia nyingine ipo, na wengi hawaambiwi: sheria ya 1866, iliyotungwa mara baada ya utumwa kukomeshwa. Haipitii kwenye tume, fidia yake haina kikomo, na inambana hata mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 15, ambao ile ya 1964 haiwagusi. Muda hufuata jimbo, mara nyingi miaka miwili au mitatu. Mwulize wakili kuhusu sheria hiyo kwa jina analolijua yeye, “Section 1981”, yaani kifungu namba 1981, si mwaka.

Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Marekani mzigo huo unabaki kwa mwombaji, ambaye hajaona faili hata moja la waliochukuliwa. Bunge la Washington lingeanza kwa kurekebisha hilo.