Tasnifu saba kwenye meza moja

Kazi yangu ni ya maktaba. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikipokea tasnifu za uzamili na za uzamifu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, nikikagua kurasa zake, nikiziandikia maelezo ya hifadhi na kuzipeleka rafuni, na mwezi mmoja kabla ya mahafali meza yangu hujaa hata mahali pa kuweka kikombe cha chai pakakosekana. Asubuhi moja ya msimu huo niliamua kutofanya haraka. Nilizitandaza tasnifu saba za juu na kusoma ikisiri ya kila moja mpaka mwisho. Ya kwanza ilihusu minyoo ya mbuzi wa Kajiado. Ya pili ilipima nguvu ya zege iliyochanganywa na majivu ya makapi ya miwa. Iliyofuata ilihariri utenzi wa Lamu ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, na chini yake palikuwa na uchunguzi wa jinsi wauza mitumba wa Gikomba wanavyokopeshana katika vyama vyao. Zilizosalia zilihusu moshi ndani ya nyumba za mabati, urithi wa ardhi kwa mabinti, na chumvi katika maji ya visima. Zote zilikuwa na jalada jeusi na herufi za dhahabu, na ukizitazama kwa mgongo tu huwezi kujua ipi ni ya zege na ipi ni ya utenzi.

Naandika makala haya kwa sababu nasikia, redioni, bungeni na hata ndani ya matatu, watu wakigawa elimu ya chuo kikuu mafungu mawili: ile yenye soko na ile isiyo na soko. Hoja yenyewe husemwa kwa uchungu wa kweli, na mzazi aliyeuza shamba kumsomesha mtoto ana haki ya kuuliza mtoto huyo atakula nini. Lakini swali la mzazi huyo linahusu ajira, nalo linapogeuzwa kuwa kipimo cha utafiti, tukaambiwa kwamba nchi maskini haina fedha za kumlipia mtu achunguze methali au historia ya soko la kijiji, tunapoteza kitu ambacho hakirudishwi kwa bajeti ya mwaka mmoja. Upana wa chuo kikuu, kwa maoni yangu, ndio chombo chake kikuu cha kazi, na ningependa kueleza nimefikaje hapo.

Mfano ninaoupenda ni wa Wangari Maathai, ingawa watu humkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, wakasahau alikuwa amesomea nini. Shahada yake ya uzamifu, aliyoipata mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hilo, ilikuwa ya anatomia ya mifugo. Alipokuwa akichunguza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, alikwenda vijijini nje ya jiji kukusanya kupe hao, na mwenyewe alisimulia kwamba huko aliona mito ikishuka na matope ya udongo wa mashamba na ng'ombe waliokonda hadi mbavu zikahesabika. Alikuwa ametumwa kutafuta kupe. Aliyerudi mjini alikuwa mtu aliyeanza kuamini kwamba tishio kubwa kwa ng'ombe wale ni ardhi iliyovuliwa miti, na mwaka 1977 Harakati ya Ukanda wa Kijani, ya kupanda miti, ikaanza. Mtu anayetaka kila utafiti ujibu tu swali uliolipiwa angemwambia arudi kwenye kupe wake.

Kisa cha mahindi ya Ukambani kinanigusa zaidi, kwa kuwa chakula hicho ndicho tunachokula sote. Mwaka 2004 watu 317 waliugua huko mashariki mwa nchi, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu, ile inayojulikana pia kama aflatoksini. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, ini likashindwa kazi. Daktari aliyewapokea wagonjwa alihitaji mkemia wa kupima punje na kuthibitisha kilichomo. Mkemia alihitaji mtaalamu wa kuvu aeleze kwa nini kuvu hii inayoishi udongoni hupata nguvu mahindi yanapoteswa na ukame shambani kisha yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Mpaka hapo tungali kwenye maabara, na watu wengi wangeridhika kwamba sayansi imemaliza kazi.

Sayansi hiyo haikuwa imemaliza. Kulikuwa na familia zilizoyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba za kulala, na sababu mojawapo ilikuwa hofu ya kuibiwa wakati wa njaa, jambo ambalo halionekani kwa darubini wala halipimwi kwa kipimo cha maabara. Linajulikana kwa kukaa na mwenye nyumba na kumsikiliza. Yupo mwanauchumi, anayeeleza jinsi gunia lililoharibika linavyosafiri kutoka soko moja hadi jingine likichanganywa na mahindi mazuri. Yupo daktari wa mifugo, kwa sababu mahindi yanayokataliwa na binadamu hupewa ng'ombe, na sehemu ya sumu hiyo hutoka tena katika maziwa tunayonywa hapa Nairobi. Yupo hata mwanasheria, kwa kuwa kiwango cha juu cha sumu kinachoruhusiwa hakina maana pasipo mtu mwenye mamlaka ya kulikamata lori. Na yupo mtaalamu wa lugha, ambaye mara nyingi hukumbukwa mwisho.

Niruhusiwe kukaa kidogo hapo kwa mtaalamu wa lugha. Mkulima huijua kuvu. Huiona, huinusa, huchagua punje zilizooza akazitupa. Sasa unamwendea na kumwambia kwamba katika punje zinazoonekana safi kuna sumu isiyoonekana, isiyo na harufu, na isiyotoka hata ugali ukisongwa kwa muda mrefu kiasi gani. Unasema hayo kwa neno gani? Ukisema kuvu, atakujibu kwamba ameshaitoa. Ukisema sumu, atauliza nani ameitia, na hapo umeingia katika mambo ya jirani na fitina. Neno sumukuvu lenyewe limeunganisha fikra mbili zilizokuwa mbali, na kupata neno la namna hiyo, kulijaribu kwa wasikilizaji, kuona kama Mkamba wa Mbooni analielewa kama alivyokusudia msemaji, ni utafiti unaostahili kufadhiliwa kama ule wa maabara. Miongoni mwa dawa zilizopatikana ni ile ya kumwaga shambani aina ya kuvu ileile isiyotengeneza sumu ili iinyang'anye nafasi ile yenye sumu. Jaribu kumweleza mkulima aliyepoteza watoto kwa mahindi kwamba umemletea kuvu airushe shambani mwake, bila kumwandaa kwa maneno.

Mambo ya karibu na haya yalitokea hapa mjini, Majengo ya Pumwani, ambako tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamefuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Dunia ilijifunza kutoka kwao kwamba baadhi ya wanawake, licha ya kukutana na virusi vya Ukimwi kwa miaka, hawakuambukizwa, na ugunduzi huo ukaingia katika juhudi za kutafuta chanjo. Damu ilichunguzwa na wataalamu wa kinga ya mwili. Lakini wanawake wale walikuja kliniki, wakaendelea kuja, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya Elizabeth Ngugi, muuguzi na mwalimu wa afya ya jamii, aliyeketi nao, akawasikiliza na kuwasaidia kujipanga katika vikundi. Huwezi kunishawishi kwamba katika kazi ile kulikuwa na taaluma ngumu na taaluma laini.

Wapo watakaosema kwamba mifano yangu yote ni ya taaluma zinazoisaidia tiba, na kwamba falsafa, kwa mfano, haijamponya mtu. Nawakumbusha mwanafalsafa Henry Odera Oruka. Katika miaka ya 1970, akiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alianza kuwatafuta wazee wenye hekima vijijini na kurekodi mazungumzo nao, na hakuwauliza tu mila inasemaje: aliwauliza wao wenyewe wanafikiri nini, na kwa sababu gani. Wakati huo walikuwapo wasomi waliodai kwamba Mwafrika ana imani za jamii tu na hana fikra ya mtu binafsi inayohoji. Wazee wale walihoji. Wengine walitofautiana na desturi za kwao waziwazi. Leo, mtafiti wa afya anapokwenda kuomba ridhaa ya familia na kukuta kwamba mgonjwa, mume, na baba mkwe kila mmoja anadhani uamuzi ni wake, tatizo lililo mbele yake ni la kifalsafa, na jibu lake halimo katika fomu ya kutia sahihi.

Sasa niseme lililo gumu. Upana peke yake hautoshi, nami nimeshuhudia ukipotea bure. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea, katika muhula mmoja, tasnifu mbili kutoka idara mbili tofauti. Moja ilichunguza bei ya maji yanayouzwa kwa mtungi huko Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, nyingine kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano huko huko Mukuru. Kila moja ilikuwa na ramani iliyochorwa kwa mkono, na nilipoziweka pamoja niliona vichochoro vilevile, kioski kilekile cha maji kimetiwa alama, choo kilekile cha kulipia. Bila shaka kuna milango iliyobishwa mara mbili. Hakuna hata moja iliyomtaja mwenzake, na wasimamizi wao, kwa kadiri nilivyoweza kuona katika kurasa za shukrani, hawakujua kwamba wanachunguza kaya za mtaa mmoja. Nami, kwa kufuata mfumo wetu wa kupanga vitabu, niliipeleka moja ghorofa ya pili na nyingine ghorofa ya nne. Jambo hilo bado linaniuma.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, tumeona hapo hapo Mukuru. Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kutengenezewa mpango wake lenyewe, vyuo vikuu, mashirika ya kiraia na wakazi wenyewe waligawana kazi kwa nyanja: ardhi, maji, afya, elimu, uchumi, sheria. Uchunguzi wa wakati huo ulionyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipa zaidi kwa maji na umeme kuliko anayeishi katika mitaa iliyopangwa, tena kwa huduma mbovu zaidi. Ramani ya matatu za Nairobi iliyotoka mwaka 2014 ilipatikana vivyo hivyo. Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda magari na simu mkononi, kituo baada ya kituo, na wataalamu wa mipango miji na wa usanifu kutoka Marekani wakasaidia kuigeuza njia isiyoandikwa popote kuwa mchoro unaosomeka.

Tatizo la fedha lipo na halifichiki. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 ilikusudia asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Hazina ya Taifa ya Utafiti, na kiwango hicho hakijafikiwa. Pengo huzibwa na wafadhili wa nje, ambao nawashukuru, lakini wanakuja na maswali yao. Ruzuku ya malaria hupatikana, ya mabadiliko ya tabianchi hupatikana. Ya kuhariri hati za Lamu kabla hazijaliwa na mchwa haipatikani. Tukiiacha hali hiyo ituchagulie, baada ya miaka ishirini tutakuwa na vyuo vinavyojua sana yale ambayo wengine walitaka tuyajue. Ningeomba, kama jambo la kuanzia na lisilo la gharama kubwa, kila mwanafunzi wa uzamifu atakiwe kusoma angalau tasnifu moja ya kitivo kisicho chake inayohusu mahali anapofanyia utafiti, na aeleze katika utangulizi alichokikuta humo.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024, maji yalipoingia Mathare na kubomoa nyumba za kandokando ya mto, alikuja dirishani kwangu mwanafunzi wa uhandisi, viatu vingali na tope, akauliza kama tuna chochote cha zamani kuhusu bonde lile. Nilimshusha stoo. Tulipata tasnifu ya jiografia iliyopigwa kwa taipureta, ambayo karatasi yake ya kuazimia haikuwa na muhuri hata mmoja, na mwishoni mwake mlikuwa na majedwali ya kina cha mto yaliyopimwa wiki kwa wiki, misimu miwili ya mvua, na mtu aliyekuwa akisimama majini na fimbo yenye alama. Kijana alikaa nayo mpaka saa za kufunga, akinakili tarakimu kwa penseli. Kesho yake alirudi na kuniuliza kama mwandishi yule yu hai.