Kabla ya kuuliza spana gani ni nzuri, uliza unafungua nati namba ngapi

Vijana wanaoanza ufundi wa magari huniuliza sana: ninunue spana za Ingco, za Total, au nijibane nipate za Stanley? Jibu langu huwakera. Nawaambia waache jina kwanza, waanze na namba, yaani upana wa nati kwa milimita.

Gari nyingi wanazozishika ni Toyota, na Toyota imefungwa kwa 10, 12, 14, 17 na 19. Taminali za betri ni 10. Bolti ya kumwagia oili kwa nyingi ni 14. Breki za mbele utakutana na 14 na 17. Sasa fungua lile boksi la vipande mia na kitu linalong'aa Kariakoo: humo mna 11, 13, 15, 16, 18, na biti za kila umbo ambazo zitazeekea humo humo. Zile tano za kila siku ndizo zitakazochoka kwanza, na ni za chuma kilekile cha bei poa kama zingine zote. Hiyo naiita hasara. Hela ya boksi hilo nunua soketi tano na spana tano za uhakika, moja moja, hata ikichukua miezi.

Tukija kwenye majina, Gedore na Stahlwille za Ujerumani nazivulia kofia. Mpya hazishikiki kwa bei, lakini Gedore used yenye mikwaruzo naichukua mbele ya seti mpya isiyo na historia. Kwa fundi anayeishi kwa gereji nashauri King Tony ya Taiwan. Hapo ndipo bei na kazi vinapokutana. Ingco na Total nanunua bila wasiwasi kwa nyundo, msumeno wa chuma na futi, na soketi zao zinamtosha mtu wa kufungua tairi nyumbani. Stanley ni jina la tangu 1843 kule Connecticut, Marekani, ila siku hizi bidhaa zake zinatoka viwanda vya nchi mbalimbali, kwa hiyo kila kipande nakipima chenyewe.

Bisibisi ya nyota nayo ina habari yake. Skrubu za Kijapani zina mchongo wa kwao, na bisibisi ya kawaida huruka na kuzila kichwa. Bisibisi ya Vessel, jina la Osaka, Japani, inakaa ndani barabara. Na fundi umeme, tafadhali: plaizi yenye mpira mwekundu si lazima iwe ya umeme. Tafuta alama ya 1000 V na pembetatu mbili. Hapo sitaki kusikia habari ya unafuu.

Neno Chrome Vanadium, yaani aina ya chuma kigumu, kwenye mpini halinitoshi, maana kila kiwanda kinalichonga. Naangalia mdomo. Mdomo uliolegea haushiki ubavu wa nati, unashika kona. Ukikaza mkono kona zinalika, nati inakuwa duara, na kazi ya dakika tano inageuka kuwa ya patasi na kuchomelea. Gari zetu nyingi zimetembea Japani kwanza, na zilizotoka mikoa ya theluji zimepita kwenye barabara za chumvi, kwa hiyo bolti za chini zinakuja zimeshashika kutu. Kwa hizo chukua soketi ya pembe 6, achana na ya 12. Ya 6 inakaba nati kwa ubavu mpana, wakati ya 12 ni rahisi kuteleza kwenye kona zilizokwisha kulika.

Ukienda dukani beba bolti mpya ya 12 na ya 14 mfukoni. Ingiza, tikisa kidogo, sikiliza kama inacheza. Jaribu spana tatu nne za jina lilelile, kwa sababu hata ndani ya boksi moja hazifanani. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka; mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, maduka ni mengi.