Medali sita, nyundo zimeliwa na nondo

Nimecheka peke yangu kusoma habari ya mafundi wa piano wanaokutana na majigambo ambayo watengenezaji wa zamani waliyaandika kwenye piano zao. Mimi nakaza nyuzi za piano hapa Mombasa, na hayo maandishi nayakuta kila mara. Kiboko ni "Upright Grand". Jamani, grand ni piano ambayo nyuzi zake zimelala, upright ni ile ambayo zimesimama. Ni sawa na kusema mtu amelala wima!

Mwaka jana niliitwa kanisani kwenye piano ya Kijerumani. Ndani ya kifuniko kumechorwa medali sita za dhahabu. Nikawasha tochi: kumbe ni tatu tu, kila moja imechorwa mara mbili, upande wa mbele na wa nyuma. Chini yake kibandiko kinaapa imeundwa mahususi kwa nchi za joto. Kweli, vipande vya pembe za ndovu juu ya vibao vya kubonyeza vilikuwa vimepigiliwa pini za shaba, gundi isije ikaachia. Lakini vibao kumi na moja vilikuwa vimevimba kwa unyevu, ukibonyeza do inashuka na re. Nyundo nazo, zile za ndani zinazogonga nyuzi, zimevikwa sufu, na wadudu nondo wameshajilia.

Mzee wa kanisa akaniuliza, "Fundi, si imeandikwa ya nchi za joto?" Nikamwambia joto imelistahimili, mzee; bahari hawakuiandika.