Tegi Zisizofungwa: Rejeksi Yafaa Hadi Wapi Kufupisha Matini?

Mtu anayetengeneza tovuti Lamu, iwe ya nyumba ya wageni Shela, ya madrasa Langoni au ya matangazo ya mji mzima, atafika tu mahali pale pale. Ukurasa wa mbele unataka herufi 200 za kila tangazo, na tangazo lenyewe limehifadhiwa pamoja na tegi zake zote za HTML, zile alama zinazokiambia kivinjari neno lipi liwe nene na lipi liwe kiungo. Anaiamuru programu ikate herufi 200 za mwanzo, anafungua ukurasa, na kuanzia tangazo la tatu kwenda chini maandishi yote yamekuwa herufi nzito. Mkato umeangukia baada ya `<b>` na kabla ya `</b>`. Kivinjari hakikuambiwa unene umekwisha, kikaendelea nao. Na hapo ana bahati. Mkato ungeangukia katikati ya `<a href="https://`, kivinjari kingemeza maneno yanayofuata kikidhani ni sehemu ya anwani, mpaka kikutane na alama nyingine ya nukuu.

Dawa inayotajwa kwanza ni rejeksi, ile lugha fupi ya kueleza umbo la maandishi unayoyatafuta. Hapo ndipo watu wa fani hii hugawanyika, na mgawanyiko wenyewe una ukali usiolingana na ukubwa wa jambo. Wapo wanaosema mstari mmoja wa rejeksi unamaliza kazi na anayetaka zaidi anajitafutia makuu. Wapo wanaosema HTML haiguswi kwa rejeksi, basi. Mimi naona wa kwanza wana haki kuliko wanavyohesabiwa, ila haki yao inaishia mapema kuliko wanavyodhani.

Tuanze na haki yao. Rejeksi ina nasaba nzuri: Stephen Kleene aliiweka katika hisabati miaka ya 1950, na Ken Thompson akachapisha mwaka 1968 namna ya kuitumia kutafutia maneno ndani ya kompyuta. Leo imo katika karibu kila lugha ya programu, imo katika hifadhidata, imo hata katika kihariri cha maandishi. Ukiandika `<[^>]+>` umeshasema: alama ya kufungua, kisha chochote kisichokuwa alama ya kufunga, kisha alama ya kufunga yenyewe. Futa kila kinacholingana na umbo hilo, kata herufi 200 za kilichobaki, weka nukta tatu. Kijana anayelipia seva ya bei ya chini, yenye toleo la zamani la PHP (lugha ya programu za tovuti) na ruhusa chache, hahitaji kupakua maktaba yoyote ya ziada, yaani programu iliyoandikwa na wengine.

Na kwa orodha ya ukurasa wa mbele, kufuta tegi zote mara nyingi ndilo jibu sahihi. Nani anahitaji jedwali au picha ndani ya muhtasari wa mistari mitatu? WordPress yenyewe, programu ya kuendeshea tovuti, hufanya hivyo: usipoandika muhtasari, inavua tegi na kuchukua maneno 55 ya mwanzo. Kisafishaji chake huanza kwa rejeksi inayoondoa `script` na `style` pamoja na vilivyomo ndani, ndipo tegi nyingine zivuliwe. Mpangilio huo una sababu. Ukifuta tegi pekee, maagizo ya rangi na vijiprogramu vilivyokuwa katikati yake hubaki na kuchapishwa mbele ya wasomaji kana kwamba ni habari.

Mitego mingine ya njia hii inajulikana na inaepukika. Aya mbili zilizoandikwa `<p>Lamu</p><p>Shela</p>` zinageuka `LamuShela`. Ratiba ya boti iliyopangwa katika jedwali inatoka imeshikana, jina la kituo na saa neno moja. Weka nafasi tupu mahali pa kila tegi, kisha punguza nafasi zilizorudiana, na hilo limekwisha. Mtego wa `>` ni mkaidi zaidi. Sheria za HTML zinaruhusu alama hiyo ndani ya nukuu, kwa hiyo picha yenye maelezo `alt="Lamu > Shela"` ni halali kabisa, na rejeksi yetu itadhani tegi imeisha baada ya Lamu. Unaweza kuirefusha rejeksi itambue nukuu. Kila ukiirefusha, lakini, ule wepesi uliokuvutia unazidi kupungua.

Mambo hubadilika pale mteja anapotaka muhtasari ubaki na viungo vyake na herufi zake za mlalo. Sasa haitoshi kutambua tegi. Lazima ukumbuke zipi zimefunguliwa, kwa utaratibu gani, ili baada ya mkato uzifunge moja moja kinyumenyume. Ni kama mashua zilizofungwa ubavu kwa ubavu gatini: iliyofika mwisho ndiyo ya kwanza kutoka, na iliyo karibu na ukuta haisogei mpaka za nje zimepisha. Rejeksi kama Kleene alivyoifafanua haina kumbukumbu ya namna hiyo, maana haiwezi kuhesabu vilivyopachikwa ndani ya vingine bila kikomo. PCRE, yaani injini inayoendesha rejeksi ndani ya PHP, imeongezewa uwezo wa kujiita yenyewe, kwa hiyo anayesema "haiwezekani kabisa" anasema jambo la hisabati ambalo zana za leo zimelivuka. Lakini rejeksi inayojiita yenyewe hakuna atakayeisoma baada ya miezi mitatu, hata aliyeiandika.

Kuna njia ya kati, na ndiyo inayonivutia. Rejeksi ifanye kazi moja tu ya kupasua matini katika vipande: hiki tegi, hiki neno, hiki tegi. Programu ya kawaida ipokee vipande hivyo na kuweka orodha ya tegi zilizo wazi. Ukifika herufi ya 200 inayoonekana, unasimama na kufunga zilizobaki. Utahitaji kujua kwamba `<br>`, `<img>` na `<hr>` hazifungwi kamwe, na kwamba `<p>` na `<li>` zinaruhusiwa kuachwa bila kufungwa, jambo linalochafua orodha yako polepole bila wewe kujua. Hata hivyo ni mistari thelathini hivi ya kodi, yaani maagizo ya programu, inayosomeka.

Njia hii ina historia ya hadharani, na yeyote anayetaka kuhukumu aipitie. Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya programu ya Python, ulizaliwa ndani ya gazeti, Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, ukatolewa kwa umma mwaka 2005. Gazeti linafupisha habari kila saa, kwa hiyo si ajabu kwamba zana ya kufupisha HTML imo ndani yake, na kwa miaka mingi ilikuwa imejengwa hivi hivi: rejeksi ya kupasulia, na orodha ya tegi zilizo wazi. Agosti 2019 wasimamizi wake walitangaza kwamba rejeksi hizo zingeweza kuilemaza seva kwa maandishi yaliyotungwa kwa hila. Wakazirekebisha. Oktoba 2023 ikabidi wazirudie: bado zilikuwa zinakokota matini marefu sana yenye tegi zilizoharibika, na safari hii wakaweka kikomo cha herufi milioni 5 za mwanzo. Machi 2024, marekebisho tena. Toleo la 5.1, lililotoka mwaka huo huo, likaachana na rejeksi katika kazi hiyo na kutumia kichanganuzi cha HTML kinachokuja na Python, yaani programu inayosoma HTML kipande kwa kipande ikijua kila kimoja ni nini.

Anayepinga rejeksi atasema kesi imekwisha. Haijaisha. Tangazo lile lile la Agosti 2019 lilikuwa na dosari ya pili, ya zana ya kuvua tegi, na hiyo ilikuwa imejengwa juu ya kichanganuzi! Nayo ilikwama ikipewa mfululizo mrefu wa alama zisizokamilika. Mei 2025 zana hiyo hiyo ikarekebishwa tena kwa sababu inayofanana na hiyo. Kichanganuzi hakikuwapa kinga. Kilichowapa nafuu kinaonekana mahali pengine: mtu anayesoma kodi ya kichanganuzi anaelewa kwa nini inakwama, ilhali rejeksi inayokwama hujificha ndani ya alama kumi na mbili zinazoonekana hazina hatia.

Na kukwama huko si hadithi. Julai 2016 Stack Overflow, mtandao wa maswali ya waandishi wa programu duniani, ulizimika kwa dakika 34 kwa sababu ya rejeksi iliyokuwa ikiondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa maandishi. Hakuna tegi hapo, hakuna kupachikana. Mtu aliweka nafasi tupu 20,000 mfululizo mahali ambapo rejeksi ilitarajia mwisho wa mstari, ikawa inaanza upya kutoka kila nafasi, ukaguzi karibu milioni 200. Kinachouma ni kwamba njia ya Thompson ya mwaka 1968 haina ugonjwa huo. Injini nyingi za baadaye ziliiacha ili ziongeze vikolombwezo, na RE2 ya Google, iliyotolewa mwaka 2010, ndiyo iliyoirudisha kwa wengi. Kwa hiyo ukiulizwa kama rejeksi ni hatari, uliza kwanza ni injini ipi.

Upande wetu wa pwani una matatizo ambayo vitabu vya fani hii havikuyafikiria. Chukua neno ng'ambo. Rejeksi ya kawaida ya kutafuta neno, `\w+`, haihesabu ritifaa kuwa sehemu ya neno, kwa hiyo inaona mawili: `ng` na `ambo`. Muhtasari unaweza kuishia na "ng…" na msomaji akabaki anashangaa. HTML nayo mara nyingi huhifadhi ritifaa kama `&#39;`, na neno la herufi 7 linakuwa la herufi 11. Mkato ukiangukia humo unabaki na `ng&#3`. Kichanganuzi kinakuokoa hapa kwa sababu kinarudisha alama hizo kuwa herufi kabla hujahesabu, lakini suala la wapi neno linaishia hakiligusi hata kidogo. Hilo bado utaliandikia rejeksi, na safari hii uiandike kwa kujua Kiswahili.

Tovuti za Lamu hubeba pia hati za Kiarabu: aya, dua, mashairi ya wazee yaliyonakiliwa kama yalivyoandikwa. Katika UTF-8, ambao ni usimbaji, yaani namna ya kuhifadhi herufi kama namba, kila herufi ya Kiarabu ni baiti mbili, na amri ya PHP ya `substr` hukata kwa baiti. Ukikata katikati ya herufi unapata kile kijialmasi chenye alama ya kuuliza. Ukikata kati ya herufi na irabu yake umeharibu usomaji, na kwa aya ya Kurani hilo si kosa la mapambo. Cha kuchekesha ni kwamba dawa bora ni rejeksi: PCRE ina alama `\X` inayochukua herufi pamoja na vyote vilivyoishikilia, huku kichanganuzi cha zamani cha PHP, kisipoambiwa usimbaji, kikidhani kila kitu ni maandishi ya Ulaya ya Magharibi na kugeuza Kiarabu chote takataka. PHP 8.4 ya Novemba 2024 imeleta kichanganuzi kipya kinachofuata kanuni za HTML5, lakini seva za bei ya chini hazikimbilii matoleo mapya.

Wengine hukwepa ugomvi wote kwa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa: peleka habari nzima, kisha kiambie kivinjari kionyeshe mistari mitatu. Hakuna tegi inayovunjika. Ila simu ya msomaji aliye Faza au Kipungani imeshapakua habari zote ishirini na picha zake ili aone mistari sitini, na bando ni lake.

Penye maoni ya wasomaji sina mizani ya kupima. Maandishi yaliyoletwa na mtu usiyemjua hayasafishwi kwa rejeksi uliyoitunga mwenyewe. Mwaka 2005 MySpace, mtandao wa kijamii, ilikuwa na vichujio vya maneno hatari, kijana mmoja akalivunja neno "javascript" kwa kuweka mstari mpya katikati yake, na chini ya siku moja wasifu zaidi ya milioni 1 ulikuwa umeambukizwa. Pale tumia kichanganuzi na orodha ya tegi zinazoruhusiwa, hata kikiwa kizito.

Kwa matini yako mwenyewe, yanayoandikwa na mhariri mmoja au wawili unaowafahamu, rejeksi ya kupasulia pamoja na orodha ya tegi ni kazi ya heshima, na sioni sababu ya mtu kuionea haya. Linalonishinda kukubali ni kwamba pande zote mbili zinabishania namna ya kukata, wakati matangazo mengi ya huku hayafai kukatwa kwa namna yoyote. Tangazo la msiba linaanza na Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, linafuata "kwa niaba ya ukoo wa", zinafuata nasaba na mtaa, na herufi 200 zimekwisha kabla ya jina la marehemu, msikiti na saa ya mazishi. Tangazo la zabuni nalo huweka siku ya mwisho aya ya nne. Kwa hiyo weka kisanduku cha muhtasari katika fomu ya mhariri, kiwe cha lazima kwa misiba, mikutano na zabuni, na programu ikate yenyewe pale tu kisanduku kinapokuwa tupu kwa habari nyingine. Mhariri atanung'unika wiki ya kwanza.