Mshenga na Senti Arobaini kwa Dakika

Mshenga wetu alisimama ghafla katikati ya kikao cha mahari, kanzu ikanasa kwenye mkono wa kiti, akapaza sauti hadi waliokuwa jikoni wakasikia: "Senti arobaini kwa dakika? Haiwezekani!"

Upande wa binti ukanyamaza. Mjomba mtu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametaja kilemba chake kuwa dola 1,500, akaweka kikombe chini taratibu. Yeye alielewa kwamba amekataliwa.

Wala hakukataliwa. Tulikuwa Silver Spring, Maryland, Marekani, mwezi wa Januari, na kilichomsimamisha mshenga, ambaye ni shemeji yangu, ni gari lake la umeme, jeupe, lenye kibandiko cha Yanga kioo cha nyuma, alilokuwa amelichomeka kwenye chaja ya duka la vyakula mtaa wa pili. Habari ililetwa na mtoto wa nyumba ile aliyetumwa soda. Alikuta foleni pale, akarudi kuuliza kwa adabu zote: "Shikamooni. Gari la Yanga la nani? Limeacha kuchaji, sasa linatozwa senti arobaini kwa dakika."

Nikamnong'oneza shemeji, "Kikomo cha chaji umeweka ngapi?"

"Themanini. Si wewe uliniambia?"

Kweli nilimwambia, lakini kwa ajili ya nyumbani. Betri nyingi za magari haya hudumu zaidi zikichajiwa kila siku hadi asilimia 80 badala ya 100, kwa hiyo mtu anaweka kikomo mara moja na kukisahau. Ubaya ni kwamba gari halijui kama leo liko kwako au ugenini. Likifika 80 linaiambia chaja basi, inatosha, na kwa upande wa kampuni ya chaja hapo ndipo kazi ilipokwisha. Haijali kwamba wewe moyoni ulikuwa unangoja 100.

Shemeji alikuwa anangoja 100, na hesabu aliipiga vizuri tu. Aliingia na asilimia 22. Betri yake ni ya uniti 77, uniti zilezile tunazonunua kwenye LUKU, kwa hiyo ili ijae zilihitajika uniti 60. Chaja imeandikwa kilowati 150, ila skrini ilionyesha 58 tu, kwa sababu alikuja bila kuiweka chaja kwenye ramani ya gari. Ukiiweka kama mwisho wa safari, magari mengi ya siku hizi huanza kuipasha betri moto njiani. Usipoiweka, betri inafika ya baridi, na ya baridi hainywi umeme kwa kasi: ukiisukuma kwa nguvu, lithiamu, madini yanayobeba chaji ndani ya betri, inajipaka juu badala ya kuingia ndani, nayo betri inaharibika. Hivyo gari lenyewe hujizuia. Ukipita 80 kasi hushuka zaidi. Shemeji akajumlisha yote hayo akapata muda wa saa mbili na ushee. "Tutakuwa tumeshafika kwenye pilau," akasema, akafunga milango kwa rimoti.

Simu aliiacha ndani. Ilikuwa na asilimia tatu, akaona naye aitumie nafasi, akaichomeka kwenye waya wa gari.

Alianza kuchaji saa tisa kamili alasiri. Saa kumi kasorobo gari lilifika 80, likaacha. Kampuni ile inatoa dakika kumi za bure, kisha senti 40 kwa kila dakika waya ukiwa bado umechomekwa. Na iliarifu, tena kiungwana: umemaliza, tafadhali ondoa gari, umebakiwa na dakika tano, ada imeanza. Jumbe zote zikaingia kwenye simu iliyokuwa kiti cha abiria, ndani ya gari tupu, ikiwaka na kuzima.

Ada hii si ngeni. Tesla waliitangaza Desemba 2016, nao kwa senti 40 kwa dakika, wakisema wazi hawatafuti faida kwayo. Baadaye kwao Marekani ikapanda: senti 50 kituo kikiwa kimejaa nusu au zaidi, dola nzima kikijaa chote, na ukiondoka ndani ya dakika tano unasamehewa. Kampuni nyingine hazitazami kama kuna foleni au hakuna. Masharti yameandikwa kwenye programu ya simu, ukurasa wa bei, chini kabisa, na ndiyo maana hayasomwi.

Basi shemeji akatoka mbio na kanzu yake. Nikamfuata, maana mshenga hatoki peke yake, itaonekana tumevunja posa.

Pale palikuwa na chaja nne, moja skrini imekufa. Mbele ya gari la Yanga amekaa bwana mmoja ndani ya gari lake, koti juu ya blanketi, kapunguza na hita ili asimalize asilimia sita alizobakiwa nazo. Angeweza kuchomoa waya mwenyewe? Hapana. Kwenye tundu la gari kuna pini inayoishika plagi, na magari mengi haiachii mpaka mwenye gari afungue milango. Asante kwa pini hiyo, mtu hawezi kukuchomolea katikati ya chaji. Na kwa pini hiyohiyo, akingoja atangoja hadi utakaporudi.

Shemeji akabonyeza rimoti. Tik. Pini ikaachia. Badala ya kuchomoa akaona kwanza amuombe yule bwana radhi, akaeleza posa ni nini, mshenga ni nani, na kwa nini hakuweza kutoka kabla ya mkaja wa mama kutajwa. Gari lake lina tabia ya kujifunga tena lisipofunguliwa mlango kwa muda. Tik. Pini ikarudi. Akaishika plagi akavuta, kisha akavuta kwa mikono miwili, mguu kwenye bampa, mpaka kilemba alichovaa kikaanguka kwenye theluji. Alikuwa karibu kutafuta ile kamba ya dharura ya kuachilia plagi, ambayo kwenye gari lake iko nyuma ya zulia la buti, upande wa tundu. Nikamwambia, "Shemeji, fungua mlango uuache wazi, ndipo uvute." Ikatoka kama kijiko kwenye uji.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Simu ilikuwa imejaa asilimia mia, ndicho kitu pekee kilichojaa siku ile. Risiti ilikuwa humo: uniti 45 kwa senti 56, dola 25.20. Kukaa bila kuchaji, dakika 95, dola 38.

Turudi kwa mjomba. Tulipotoka alifikiri tumesusa, akakaa na wenzake wakashauriana, na tulipoingia tunatetemeka alikuwa amekwisha kushusha kilemba hadi 800. Shemeji akafungua mdomo ashukuru. Yule mtoto wa soda akamtangulia: "Mjomba, hawakukasirika. Walikwenda kulipa faini ya Yanga."

Mjomba akaomba aione ile risiti. Akaisoma yote, akauliza dakika za bure ni ngapi, akaambiwa kumi. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akairudisha 1,500 yake na kuongeza 38 juu. "Nasi mmetukalisha hapa," akasema, "na kumi za bure nimeshazitoa."

Shemeji akauliza kama 38 zinaweza kulipwa kwa awamu. Mjomba akamuuliza kama chaja inapokea awamu. Tukalipa.